Betri ya Wake Wawili

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata funda la maji, Sihaba binti Bwanaheri alikuwa akipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, ananyoosha mkono hadi kwenye paa la banda la uani, na kuzifuta paneli zake mbili za sola. Alitumia kipande cha kanga kilichochakaa na maji baridi ya kisima. Pale Mbegani upepo wa bahari hauji mikono mitupu. Huja na chumvi, na chumvi ikilala juu ya kioo, jua hupita kwa kujikongoja. Kwa hiyo alifuta. Kona kwanza, halafu katikati, halafu anarudia kwa kitambaa kikavu, kama mama anayemfuta mtoto kamasi, kwa mapenzi lakini bila kubembeleza.

Alizifuta hata siku ambazo betri haikuwepo. Na siku hizo mkono wake ulikuwa mzito, maana paneli bila betri ni sawa na ng'ombe anayekamuliwa maziwa yakamwagika chini. Jua lilipiga juu ya bati lake toka asubuhi hadi alasiri, paneli zikalipokea, na halikwenda popote. Betri ilikuwa Dunda, mjini, kwa mke mwenzie.

Ili mtu aijue hasira ya Sihaba lazima kwanza akijue kifua chake. Alizaliwa Saadani, kwenye nyumba ambayo mlango wake ulitazama chanja za kukaushia samaki. Mama yake alikuwa mbanikaji, na mtoto wa mbanikaji hulelewa na moshi kama vile wa mvuvi anavyolelewa na maji. Alijua kupepea moto kabla hajajua kusoma, na kusoma kwenyewe aliishia darasa la nne, kwa sababu samaki hawangoji kengele ya shule. Macho mekundu, nywele zinanuka samaki wa ng'onda, kooni daima kama kumekwama unyoya. Alidhani watu wote duniani wako hivyo.

Mwinyimvua alimkuta kule. Alikuwa dalali wa nazi, kijana mwenye maneno, akizunguka pwani yote kutafuta minazi iliyozaa. Alimposa, akamwoa, akamleta Mbegani. Walipata mtoto mmoja, Naila, ambaye sasa ameolewa Fukayosi na ana watoto wake wa kulea. Naila alipoondoka, Sihaba akaanza kuuza maharage ya nazi. Wanawake wanaochoma chapati barabarani walikuwa wakija na mabakuli, watoto wa shule nao wakipita na vikombe. Maharage yake yalisifiwa. Lakini maharage, kila mpishi anajua, ni mlaji mkubwa wa kuni kuliko chakula kingine. Unayaweka alfajiri, unayapulizia mpaka jua linapanda, na wewe umeinama pale kama mtu anayesujudia moshi.

Kikohozi kilimshika taratibu. Kwanza cha usiku, halafu cha kila saa. Akaenda hospitali. Daktari akamsikiliza mgongo, akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Mapafu yako yanasema unavuta, tena sana."

"Navuta kuni," Sihaba akasema.

Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba dawa atapewa, lakini dawa haitashindana na moshi. Akiendelea hivi, alisema, utafika wakati safari ya kutoka kitandani mpaka mlangoni itakuwa ndefu kwake kuliko ya kwenda Saadani. Maneno hayo Sihaba alitoka nayo hospitali kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja.

Ndiyo sababu mradi ulipokuja alikuwa wa kwanza kufika.

Ulikuja kwa gari jeupe na spika juu. Ulikuwa mradi wa serikali, ukiitwa Jiko Bila Moshi. Watu waliitwa shuleni, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya mradi, jina lake Mikdad, akasimama na kueleza kwamba nchi imeweka sera mpya: kila kaya iachane na kuni na mkaa, misitu ipone, na akina mama wapone. Kila kaya itafungiwa paneli za jua, itapewa betri ya sanduku yenye mpini, na jungu la umeme, lile ambalo mfuniko wake unakazwa, linaivisha maharage kwa moto kidogo sana bila kumwaga joto hovyo. Serikali italipa sehemu kubwa. Mwananchi atachangia kidogo.

Kidogo hicho Sihaba alikitoa yeye. Aliuza herini zake. Mwinyimvua alikuwa safarini kwenye nazi, na hata angekuwepo, mambo ya jikoni hayakuwa yakimhusu.

Pale mezani Mikdad alimwuliza, "Mkuu wa kaya nani, mama?"

"Mume wangu. Mwinyimvua Abdala."

"Yupo?"

"Hayupo, yuko kwenye nazi."

"Hakuna neno, naandika jina lake."

Sihaba naye hakuona neno. Jina la mume tangu lini likamwunguza mke? Aliondoka pale na furaha yake, akaja kufungiwa paneli na mafundi, majirani wakajaa uani kutazama. Bi Mgeni, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliinama juu ya jungu akasema, "Shoga, hiki chombo kinapika au kinafikiri? Mbona kimya hivi?"

Kilipika. Kwa miezi kadhaa Sihaba aliishi maisha ambayo hakujua kwamba yapo. Alifunga maharage ndani ya jungu, akaenda zake kufagia, akaswali, akarudi akayakuta yameiva, na yeye hanuki kitu. Kikohozi kilianza kupungua kama maji yanavyokupwa. Mafiga aliyasukuma ukutani, kuku mmoja akataga katikati yake. Bi Mgeni alikuwa wa kwanza kugundua. "Siku hizi najua saa kwa kubahatisha," alimwambia. "Zamani ukikohoa tu najua alfajiri imefika."

Sasa, Mwinyimvua alikuwa na mke wa pili, Maulida, msichana wa Dunda aliyemwoa miaka michache nyuma. Sihaba hakuwa amelia wakati ule, au kama alilia hakuna aliyemwona. Mwinyimvua alikuwa mtu wa kupenda kuitwa mwadilifu. Akinunua kilo ya nyama aligawa. Akinunua kanga alinunua doti mbili za rangi moja, na watu waliwahi kumwona akikata mche wa sabuni kwa uzi ili vipande vilingane. Siku mbili alilala Mbegani, siku mbili Dunda, na hakuzichanganya hata akiugua. Mabarazani alisifiwa. Waume wengine waliambiwa na wake zao, mtazame Mwinyimvua.

Maulida alipojifungua, akasikia kwamba kwa mwenzie kuna jungu linalopika kwa jua. Akauliza swali ambalo mke yeyote angeuliza: na mimi je?

Mwinyimvua akaenda kwenye mradi. Wakamwambia kaya yako imeshapata. Akasema nina nyumba mbili. Wakamwambia nyumba ni mbili, mkuu wa kaya ni mmoja. Paneli nazo haziruhusiwi kutolewa kwenye paa zilikofungwa, na hata zingeruhusiwa, Maulida alikuwa amepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki mtu amtoboe bati. Mwinyimvua akarudi akiwaza njia nzima. Mtu mwingine angeacha hapo. Lakini yeye alikuwa mwadilifu.

Jioni moja, zamu ya Mbegani ilipokwisha, Sihaba alimwona mumewe anatoka jikoni amebeba betri mkono mmoja, jungu mkono wa pili, anavifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki.

"Baba Naila, unavipeleka wapi?"

"Dunda. Vitarudi na mimi."

"Vitarudi na wewe."

"Nikilala huku vinalala huku. Nikilala kule vinalala kule. Mama Naila, hii ni haki. Mimi siku ya Kiyama sitaki kufufuliwa ubavu mmoja umeinama."

"Na mimi sina haraka ya kufika huko," Sihaba akajibu. Lakini pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Hivyo ndivyo betri ya Jiko Bila Moshi ilivyoingia kwenye ndoa. Ilitoka Mbegani imejaa, imeshiba jua la paa la Sihaba, paneli alizozifuta yeye. Ikaenda Dunda ikaliwa huko mpaka tone la mwisho. Ikarudi tupu. Siku yake ya kwanza Mbegani yote ilikuwa ya kulala tu na kunyonya jua, na Sihaba akiitazama kama mtu anayemngoja mgonjwa aamke. Siku ya pili alipika. Jioni yake ikafungwa tena mpira, ikaenda. Mwinyimvua kwa hesabu zake alikuwa amegawa nusu kwa nusu. Sihaba aliwahi kumwambia, "Jua linapiga kwangu, linaliwa Dunda." Akajibiwa kwamba jua ni la Mungu.

Na jungu nalo lilirudi na ukoko umeganda chini, linanuka dagaa. Sihaba alilisugua kwa mchanga laini, kimya, ameuma midomo.

Mbegani nzima ikapata la kuongea. Bi Mgeni alichungulia juu ya ukuta. "Shoga, leo betri ina zamu kwa nani?"

"Kwa mdogo."

"Basi ina adabu kuliko waume wengi. Ikiambiwa twende, inakwenda."

Vijana wa kijiweni walimwona anapita na mzigo wa kuni kichwani, wakaanza. "Bi Sihaba, mume amefuatana na betri, au betri imefuatana na mume?"

"Mume angekwenda peke yake akaniachia betri, nisingeuliza hata amepita saa ngapi," akawajibu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Kuni zilikuwa za mvinje, mbichi, za kuokoteza, na alijua zitakavyomfanya.

Maana biashara ya maharage haina zamu. Wenye chapati walikuja kila siku. Siku za Dunda alimfukuza kuku, akarudisha mafiga pale yalipokuwa, akainama akapuliza. Na kifua kilichokuwa kimeanza kusahau, kilipokumbushwa kilikasirika kuliko mwanzo. Asubuhi moja alikohoa mpaka akashika ardhi kwa viganja vyote viwili. Alikaa pale chini, maharage yanachemka juu yake, moshi unampitia usoni. Hewa aliiona kabisa ilipo, pale mbele yake, uani, kwenye mwanga. Ilikuwa haiingii tu. Bi Mgeni aliruka ukuta, mtu mzima yule, akamburuta mpaka nje akampepea kwa ungo.

"Utakufa, Sihaba," alisema. Siku hiyo hakuleta utani.

Sihaba alimngoja mumewe. Alipofika na betri yake tupu, hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia.

"Baba Naila, sema nao mradi. Au niachie betri, mwenzangu mnunulie hata jiko la gesi."

"Gesi ikiisha nani anajaza? Na huyo ana mtoto mchanga."

"Najua ana mtoto. Simwonei wivu. Hata yeye anavuta mkaa chumbani na kichanga, na mimi navuta kuni uani. Sote wawili tunaungua ili wewe uwe mwadilifu."

Mwinyimvua alimtazama kama mtu aliyetukanwa msikitini. "Sihaba, nimewagawia sawasawa. Kama unaona nimekudhulumu, nenda kashtaki. Sijui hata utasema nini."

Hilo ndilo lililomuuma Sihaba, kwamba hakujua atasema nini. Angempiga, ungekuwa ushahidi. Angemnyima chakula, wazee wangemwita. Lakini amemtendea haki, haki tupu, haki ya kupima kwa uzi, na haki hiyo inamuua.

Mikdad alipokuja kukagua vifaa, Sihaba alimwekea kiti kwenye kivuli cha banda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Betri iko wapi?"

"Imekwenda zamu."

Mikdad alicheka, akidhani ni mzaha. Akaona anacheka peke yake, akaacha. Sihaba akamweleza yote, tangu herini mpaka kuokolewa kwa ungo. Kijana alisikiliza vizuri, hata akatikisa kichwa penye kutikisa.

"Nimekuelewa, mama. Ila kifaa kimetolewa kwa kaya."

"Kaya ni nini?"

"Ni mkuu wa kaya pamoja na wale anaowalea."

"Mimi huyu unayemwona, moto wangu nauwasha mwenyewe. Kwenye hiyo kaya uliyoiandika, moshi unatoka mahali pangapi?"

Mikdad alifikiri. "Pawili."

"Basi kwa nini umeandika kaya moja?"

"Sera haihesabu moshi, mama. Inahesabu kaya."

"Niandike mimi peke yangu, basi. Sihaba Bwanaheri."

"Haiwezekani, una mume." Halafu, kwa sababu alikuwa kijana mwenye huruma na alitaka kumpa mama huyu neno la kuondokea, akaongeza: "Ungekuwa mjane, au umeachika, hapo ungekuwa mkuu wa kaya yako mwenyewe. Awamu ya pili inaanza karibuni, na wanawake wa aina hiyo ndio wanaopewa kipaumbele."

"Hebu rudia."

Akarudia, tena kwa upole zaidi, kama anayempa mtoto pipi.

 Sihaba alimsindikiza mpaka barabarani kama ilivyo adabu, akarudi, akakaa kwenye kile kiti cha mgeni.  Kumbe serikali ilikuwa na huruma naye, ila huruma hiyo ilikuwa inangoja mtu afe, au ndoa ife. Akiwa mke wa mtu, miaka yote hii, amepika, amezaa, amevumilia, jina lake halina pa kuandikwa. Akitupwa, ataandikwa. Waliokaa wakaipanga sera hiyo, alijiuliza, walikuwa na mama zao? Au walizaliwa na wakuu wa kaya?

Alilala na hasira hiyo na kuamka nayo, na hakumwambia mtu, hata Bi Mgeni.

Halafu ikaja habari kwamba mradi unaleta mgeni rasmi, mwanamke mkubwa wa serikali, kutembelea kaya za mfano. Mbegani kaya ya mfano ilikuwa ya Mwinyimvua Abdala, kwa sababu paneli zake zilikuwa safi kuliko zote. Mikdad alizisifu kwa simu, na Mwinyimvua akazipokea sifa.

Tatizo ni kwamba siku ya ugeni iliangukia zamu ya Dunda. Mwinyimvua alipitia Mbegani kwa haraka jioni ya kuamkia ugeni, hakukaa hata chini.

"Betri nitaileta asubuhi na mapema. Lakini tusibahatishe, huenda itakuwa tupu. Wewe amka washa kuni, pika maharage yako, halafu uyamimine kwenye jungu nitakapofika nalo. Wageni wakifunua wataona mvuke. Nani atauliza?"

"Unataka nivute moshi ili nionekane sivuti."

"Mama Naila, ni siku moja. Usinitie aibu mbele ya serikali."

Aliamka akawasha. Mtu anaweza kushangaa kwa nini alikubali, lakini mazoea ya kutii hayavuliwi kama kanga. Alipuliza, akakohoa, akapuliza. Macho yalimwagika machozi ya moshi na mengine ambayo hayakuwa ya moshi. Maharage yakaiva. Akazima moto, akamwagia maji majivu, akayafunika mafiga kwa gunia, akafagia uani mpaka pakawa kama pa harusi.

Pikipiki ilifika jua limeshapanda, Mwinyimvua mbele na kanzu yake nyeupe, Maulida nyuma, mtoto mgongoni na betri mapajani. Jungu lilikuwa limening'inia pembeni. Maulida alishuka, akamsogelea mke mwenzie, akainama kidogo. "Shikamoo, dada. Nisamehe, haina kitu. Mtoto alikuwa na homa, nilichemsha maji usiku kucha."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

Wakatazamana. Sihaba alimwona yule msichana macho yalivyo mekundu, akayatambua. Alikuwa anayajua macho hayo tangu Saadani.

Gari jeupe likafika, na jingine nyuma yake. Mheshimiwa alikuwa mama mnene mwenye sauti nzuri, aliyewasalimia watu kwa majina ya heshima na kumbeba mtoto wa Maulida bila kuogopa kuchafuka. Kamera zikamfuata. Akaonyeshwa paneli. Akaonyeshwa betri. Akafunua jungu, mvuke ukapanda, watu wakapiga makofi. Akaonja kwa kijiko.

"Matamu haya. Ila kama yana moshi-moshi kidogo?"

Mwinyimvua akacheka haraka. "Ndivyo nazi ya pwani ilivyo, Mheshimiwa."

Mikdad alikuwa anatazama gunia lililofunika mafiga. Chini yake maji ya majivu yalikuwa yanatambaa polepole kuja uani. Kijana akageuza uso.

"Haya, mama yetu," Mheshimiwa akamgeukia Sihaba, na kamera zikageuka naye. "Tuambie. Jiko hili limekubadilishia nini?"

Sihaba alifungua mdomo, kikohozi kikatangulia. Hakikuwa kifupi. Watu walingoja, wakaacha kutabasamu, mtu akaleta maji. Alikunywa, akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Maharage haya nimepika kwa kuni," alisema. "Nimeamka alfajiri nikayapika kwa kuni, kisha nikayamimina humo ili mpige picha. Betri imekufa. Imetoka Dunda asubuhi hii, kwa mke mwenzangu, kwa sababu ilikuwa zamu yake."

Bi Mgeni, aliyekuwa kwenye ukuta wake, alitoa sauti fulani puani. 

"Mama Naila," Mwinyimvua akasema chini chini.

"Na mimi nyumbani ninapikia mkaa, mlango umefungwa, na mtoto huyu," Maulida akasema. Hakuna aliyemwuliza. Alisema huku anatazama miguu yake.

Mheshimiwa alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu. Akamtazama Mikdad, Mikdad akamtazama bosi wake, bosi akatazama simu. "Hili ni suala la msingi," Mheshimiwa akasema. "Tumelichukua. Litafanyiwa kazi."

"Lini?" Sihaba akauliza.

"Kwa utaratibu, mama. Sera inarekebishwa kwa utaratibu."

"Na mapafu yangu niyaambie yafuate utaratibu gani?"

 Hakungoja kujibiwa. Akamgeukia mumewe, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu tangu aolewe, na wanawake waliokuwa pale waliinua vichwa.

"Mwinyimvua. Nipe talaka yangu."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni ndipo uliponitaka nidanganye. Huyu kijana ameniambia nikiachika naandikwa mkuu wa kaya, napata jiko langu na betri yangu. Mwulize, yupo. Nataka kuandikwa."

Mikdad alikuwa amekodoa macho. "Mama, mimi sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Ndivyo ilivyo. Usione haya kwa lililo kweli."

Mwinyimvua uso ulikuwa umemgeuka rangi ya jivu. "Nimekukosea nini? Watu hawa waseme. Nimewahi kukupunja?"

"Hujanipunja. Kuna watu watakusifu kwa hilo mpaka kaburini, waache wakusifu. Ila pumzi haigawanywi siku mbili mbili. Mimi sina nyingine ninayoitumia wewe ukiwa Dunda."

"Sikupi," akasema. "Sikupi talaka kwa ajili ya betri."

"Mahari uliyonipa ilikuwa kitanda na msahafu. Vyote viwili vimo ndani, vizima. Nakurudishia, nijivue ndoa. Nitakwenda kwa sheikh, yeye anajua jambo hili linaitwaje."

Aliingia ndani. Watu walidhani amekwenda kulia, kama wanawake wanavyotegemewa kufanya. Mheshimiwa aliagiza kamera zizimwe. Mtu mmoja wa mradi alianza kuuliza kama kuna kaya nyingine ya mfano hapa jirani, ambayo mwenye nyumba ana mke mmoja. Maulida alikaa chini kwenye kinu akamnyonyesha mtoto.

Sihaba alitoka amejitanda kanga nyingine, na kifurushi kidogo kwapani. Alimpita mumewe. Alimpita Mikdad, aliyejisogeza kumpisha. Kwa Maulida alisimama, akamshika mtoto paji la uso, akamwambia mama yake, "Fungua dirisha unapopika. Hata kama kuna mbu."

"Mama Naila, wageni hawajaondoka," Mwinyimvua akasema. Sauti yake haikuwa ya amri tena.

Alipita kati ya yale magari mawili meupe, akashika njia inayokatiza kwenye minazi kuelekea barabara kuu. Mbali kidogo alionekana akisimama, ameegemea mnazi, mabega yanamtikisika kwa kikohozi. Bi Mgeni alianza kushuka ukutani amfuate. Kabla hajafika chini, Sihaba alikuwa ameachia mnazi na anatembea tena, polepole, kwa hatua za mtu anayebania pumzi yake mwenyewe. Hakugeuka, na nyumba ile hakuirudia.